Besi ya Umeme ya Kusimama: Mwongozo Kamili kwa Mpigaji Anayetoka kwenye Gitaa la Besi

Mpe mpigaji wa gitaa la besi besi ya umeme ya kusimama, na kitu cha kwanza atakachofanya ni kutafuta kebo na kuichomeka kwenye amplifaya. Hapo ndipo mambo huanza kwenda mrama. Sauti inatoka nyembamba kama ya bati, noti zinagombana na kinanda, bega la kushoto linawaka moto kabla wimbo wa pili haujaisha, na lawama zote zinaangukia chombo. Mara nyingi chombo hakina kosa lolote. Kimesimamishwa vibaya, kimechomekwa pasipostahili, na mikono ya mpigaji bado iko kwenye gitaa. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio huo: kwanza chombo kisimame, kisha kisikike, ndipo tuje kwenye vidole.

Hatua ya 1: Amua unaitaka kwa kazi gani

Besi hii ina shingo ndefu ya dabo besi na nyuzi zilezile nne, E, A, D na G, zinazopishana kwa nne kamili kama kwenye gitaa lako. Tofauti yake na dabo besi ni kiwiliwili: badala ya tumbo kubwa la mbao kuna ubao mwembamba, au kisanduku kidogo, na sauti inachukuliwa na pikapu, kifaa kidogo kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme. Si kitu cha jana. Rickenbacker walikuwa na ya kwao miaka ya 1930. Mwaka 1962 Ampeg walitoa Baby Bass, yenye kiwiliwili cha plastiki kinacholingana na selo kwa ukubwa, na bendi za salsa za New York zikaikumbatia kwa sababu ilisikika juu ya matarumbeta na ngoma bila kupiga mluzi. Huko Ujerumani, Eberhard Weber alijenga jina lake lote kwenye besi ya umeme ya nyuzi tano. Na ukitazama maonyesho ya mwimbaji Peter Gabriel utamwona mpiga besi wake, Tony Levin, na ya NS Design, kampuni ya Ned Steinberger.

Ukiingia sokoni leo utakutana na aina mbili kuu. Ya kwanza ni ubao mtupu, kama hizo za NS Design. Hizi hazilii ovyo hata ukisimama mbele ya spika, na noti yake inadumu muda mrefu, kiasi kwamba ukizipiga bila adabu zinasikika kama gitaa la besi lisilo na freti. Ya pili ina nafasi ya hewa ndani, kama Yamaha Silent Bass au Eminence, na sauti yake inakaribia zaidi mbao: noti inapasuka mwanzoni, kisha inakufa mapema. Kwa jazi, taarab na kuisindikiza kwaya ningechukua hii ya pili. Kwa bendi yenye ngoma nzito na jukwaa dogo, ile ya kwanza itakuokoa.

Jambo moja la kupima kabla ya kupenda rangi ni urefu wa uzi, kutoka kizuizi cha juu (kile kipande chenye mifereji minne shingoni) hadi kwenye daraja. Dabo besi ya kawaida, ile iitwayo robo tatu, ina sentimita 104 hadi 106. Gitaa la besi la kawaida lina sentimita 86.4. Zipo besi za kusimama zilizojengwa kwa urefu wa gitaa, na muuzaji atakwambia kwamba hizo ndizo rahisi kwa mwanafunzi. Ni kweli, ni rahisi. Lakini kama una ndoto ya siku moja kushika besi ya mbao, iwe ni kwenye orkestra au kwenye kikundi cha taarab asilia, achana nazo. Mkono utajifunza vipimo ambavyo itabidi uvisahau.

Hatua ya 2: Kagua kabla ya kutoa pesa

Nyingi zinazofika kwetu zimeshatumika. Nenda na futi kamba, kebo yako, tyuna ya kubana na betri mpya ya volti 9.

Angalia shingo kwanza. Bonyeza uzi wa G kwenye noti ya kwanza kwa mkono wa kushoto, na pale ubao wa vidole unapoishia kwa mkono wa kulia, kisha tazama katikati. Uzi uwe na upenyo mdogo, kama unene wa kadi. Ukigusa ubao kabisa, au pengo likaweza kupitisha penseli, shingo imepinda. Uliza kama ina chuma cha kurekebishia ndani. Besi nyingi za umeme zinacho, zile za mbao za kizamani hazina.

Kisha ichomeke, piga kila uzi kwa nguvu ileile na usikilize kama zinalingana. Uzi mmoja ukiwa hafifu kuliko wenzake, mara nyingi ni pikapu ya piezo (ile inayosikia mtikisiko, si ya sumaku) iliyokaa vibaya chini ya daraja, na hiyo inatengenezeka. Uzi ukikatika-katika huku ukitikisa kebo, ni jeki (tundu la kebo), na hiyo ni kazi ya fundi redio yeyote. Shingo iliyojisokota ndiyo ya kukimbia.

Tazama pia mviringo wa daraja. Likiwa karibu sawa kama la gitaa, huwezi kutumia upinde kwenye nyuzi za A na D bila kugusa za jirani.

Hatua ya 3: Isimamishe

Hatua hii watu wanaipita mbio, na ndiyo iliyobeba hizo nyingine zote.

Dabo besi ya mbao inakuegemea. Ukingo wake unakaa kwenye nyonga na tumbo, bega lake linakupa mahali pa kupima mkono, na uzito wake wenyewe unasaidia kubonyeza nyuzi. Besi ya umeme haina hayo. Watengenezaji wamejaribu njia mbili. Njia moja ni stendi ya miguu mitatu: chombo kinasimama peke yake, nawe unasogea mbele yake. Nyingine ni mguu mmoja wa chuma chini, pamoja na mikono au fremu za kuchomoa zinazoigiza kiuno na bega la dabo besi, ili uiegemeze mwilini. Ushauri wangu ni mguu mmoja na fremu, hasa kwa anayeanza. Stendi ya miguu mitatu ni nzuri jukwaani, unaweza kuachilia mikono ukapiga makofi, lakini inakufundisha kuning'inia kwenye shingo kwa kidole gumba kwa sababu hakuna kitu cha kukirudishia uzito wako.

Urefu upime hivi. Simama wima, viatu unavyopigia miguuni, magoti yamelegea. Kizuizi cha juu kiwe kati ya nyusi na paji la uso. Halafu uache mkono wa kulia uning'inie, ukunje kiwiko kidogo: vidole viangukie kwenye sehemu ya mwisho ya ubao wa vidole bila kuinama. Vipimo hivi viwili vikitofautiana, ufuate cha mkono wa kulia, kwa maana kuinama saa mbili kwa ajili ya mkono wa kulia ndiko kunakovunja mgongo.

Sasa igeuze kidogo. Wengi wanaisimamisha ikiwatazama watazamaji moja kwa moja, kama kipaza sauti kwenye stendi. Igeuze ielekee kulia kwako kidogo, ili uzi wa E usijifiche nyuma ya ubao na kiwiko cha kushoto kipate nafasi. Ilaze nyuma kidogo pia, shingo ije upande wa sikio la kushoto. Kipimo cha kwamba umepatia ni hiki: ondoa mkono wa kushoto kabisa. Chombo kisianguke wala kuzunguka. Kikizunguka kila unapovuta uzi, kaza stendi au ongeza fremu, kwa sababu mkono wa kushoto unaoshikilia chombo kisianguke hauwezi kamwe kupiga noti safi.

Hatua ya 4: Kimo cha nyuzi na aina ya nyuzi

Pima kimo mwisho wa ubao wa vidole, kutoka juu ya ubao hadi chini ya uzi. Kwa anayepiga kwa vidole, G milimita 5 hadi 6 na E milimita 8 hadi 9 ni mahali pazuri pa kuanzia. Besi ya umeme haihitaji nguvu ya kujaza ukumbi, kwa hiyo unaweza kushuka hadi 4 kwenye G, lakini ukishuka zaidi sauti inalegea na nyuzi zinaanza kugonga ubao. Anayetumia upinde apandishe milimita moja au mbili. Madaraja mengi ya kisasa yana skrubu za kupandishia. Legeza nyuzi kidogo kabla ya kuzungusha, usilazimishe.

Nyuzi ziendane na pikapu. Pikapu ya sumaku inasikia chuma tu. Ukiifungia nyuzi za utumbo au za nailoni, haitasikia kitu. Piezo inasikia mtikisiko, kwa hiyo inakubali zote. Thomastik Spirocore ni za chuma, zinang'aa na kudumu, na wapiga jazi wengi wanazitumia, ila kwenye ubao mtupu ambao tayari noti yake inadumu kupita kiasi, zinaweza kuwa chumvi juu ya chumvi. D'Addario Helicore Hybrid ni za wastani, kidole na upinde. Seti ya nyuzi za besi hii ni ghali kuliko ya gitaa mara kadhaa, lakini inakaa miaka. Zifute jasho kila ukimaliza, hasa kama uko pwani. Hewa ya chumvi haina urafiki na chuma.

Hapo pwani ndipo besi ya umeme inapojitetea zaidi. Gundi ya asili inayoshika mbao za dabo besi hulegea kwenye joto na unyevu, maungio yakaachia, na fundi wa kuyafunga upya ni adimu. Ubao mtupu hauna maungio ya kuachia. Shingo itasogea kidogo masika yakiingia, utaipa chuma chake robo ya mzunguko, basi.

Hatua ya 5: Ichomeke panapostahili

Tuje kwenye ile sauti ya bati.

Piezo ni kipande kidogo kinachotoa umeme kikibanwa na kuachiwa. Umeme huo ni dhaifu sana, na tabia yake kwa lugha ya mafundi ni ya kapasita. Ukikichomeka kwenye kifaa chenye impidansi (ukinzani wa umeme) ndogo ya kuingilia, sauti nzito zinavuja zote na kubaki zile za juu. Hesabu yake si ngumu: piezo yenye nanofaradi 1, ikichomekwa kwenye tundu lenye megaomu 1, inaanza kupoteza kila kilicho chini ya hezi 159 hivi. Uzi wako wa E ulio wazi unalia kwa hezi 41, A 55, D 73, G 98. Yaani noti zako zote za msingi kwenye nyuzi zilizo wazi ziko chini ya mstari huo. Ichomeke kifaa hichohicho kwenye megaomu 10 na mstari unashuka hadi hezi 16, chini kabisa ya besi yenyewe. Tundu la laini la miksa mara nyingi lina omu elfu kumi tu. Usishangae.

Kwa hiyo swali la kwanza: je, besi yako ina priampu ndani, yaani kifaa cha kukuza umeme huo dhaifu kabla haujafika kwenye amplifaya? Ikiwa ina sehemu ya betri, inayo. Weka betri mpya, chomeka popote, na ukumbuke kuchomoa kebo ukimaliza, kwa sababu kwenye nyingi jeki ndiyo swichi na betri itaisha usiku huohuo. Ikiwa haina, nunua priampu ya piezo yenye megaomu kuanzia 1, na bora 10. LR Baggs Para DI ni mfano mmoja wenye 10, na ina njia ya kwenda kwa miksa moja kwa moja. Tumia kebo fupi kati ya besi na priampu. Ndefu iwe baada yake. Na kama pesa ni ya kununua kimoja kati ya besi ya bei zaidi au priampu nzuri, nunua besi ya kawaida na priampu nzuri.

Ukishapata uzito, sasa upunguze. Piezo inasikia kila kitu, mpaka hatua zako kwenye jukwaa la mbao. Washa kichujio kinachokata sauti za chini kabisa, ukiweke kati ya hezi 30 na 40. Utaona koni ya spika imeacha kutikisika bure, na sauti haijapungua. Kisha tafuta kati ya hezi 200 na 250 na upunguze kidogo, maana hapo ndipo ukumbi wa saruji unapovuma. Ile sauti ya kubwata kama bata, tatizo la piezo tangu zamani, inakaa juu zaidi, hezi 1,000 hadi 2,000 hivi. Punguza kidogo kidogo huku ukisikiliza, usiikate yote, la sivyo noti itakosa mwanzo. Kupandisha besi kwenye amplifaya iwe jambo la mwisho kabisa. Wengi wanaanzia hapo, ndiyo maana fundi mitambo anawazima.

Kama ni ya nafasi ya hewa na inaanza kulia yenyewe, jaribu swichi ya kugeuza fezi (mwelekeo wa wimbi la sauti) kwenye priampu kabla ya kugusa kitu kingine. Mara nyingi inatosha.

Tahadhari moja, na hii si ya sauti. Kumbi nyingi zina soketi zisizo na waya wa ethi, au plagi ya pini tatu ambayo mtu amekata waya wake ili mngurumo ukome. Unashika nyuzi za chuma na mbele yako kuna kipaza sauti cha chuma. Ethi ya amplifaya ikikosekana, umeme unaweza kupita kwako. Mngurumo ukiwepo, tumia swichi ya kukata ethi iliyo kwenye kisanduku cha DI (kile kinachopeleka sauti ya chombo kwa miksa moja kwa moja), ambayo inakata ya ishara tu. Waya wa ethi wa plagi usiguswe.

Hatua ya 6: Mkono wa kushoto

Kwenye gitaa la besi umezoea kidole kimoja kwa kila freti. Hapa haiwezekani, si kwa mkono wa binadamu wa kawaida, kwenye sehemu ya chini ya shingo. Uzi wa sentimita 105 una karibu sentimita 11 kati ya F na G kwenye uzi wa E. Kwenye gitaa ni sentimita 9. Ukilazimisha vidole vinne utaumia kifundo, na noti ya katikati itakuwa ya kubahatisha.

Mfumo unaofundishwa zaidi ni ule wa Franz Simandl, mwalimu wa Vienna wa karne ya 19. Kidole cha 1, cha 2 na cha 4 vinashika nusu toni moja moja, na cha 3 kinashuka pamoja na cha 4 kumsaidia mdogo wake. Kwa hiyo mkono ukikaa mahali pamoja unafunika toni moja tu. Noti zaidi ya hapo unazipata kwa kuhamisha mkono mzima, si kwa kunyoosha kidole.

Weka kidole gumba nyuma ya shingo, mkabala na kidole cha 2, kikiwa kimelala laini. Kiwiko kiwe juu, kisishuke kando ya mbavu. Vidole viwe na mkunjo kana kwamba umeshika glasi ya chai. Nguvu ya kubonyeza itoke mgongoni: vuta mkono mzima nyuma, kama unavuta mlango. Jaribio: piga noti, kisha ondoa kidole gumba kabisa. Noti ikiendelea kulia, unavuta sawasawa. Ikizima, ulikuwa unabana.

Anza na G meja, mkono ukiwa mahali pamoja, bila kuhama. Kwenye uzi wa E, G kwa kidole cha 2. A uzi wazi. Kwenye uzi wa A, B kwa kidole cha 1 na C kwa cha 2. D uzi wazi. Kwenye uzi wa D, E kwa kidole cha 1 na F-shapu kwa cha 4. Kisha G uzi wazi. Nimeichagua kwa sababu nyuzi tatu zilizo wazi zinakukagua njiani. Ile G ya mwisho ikikataa kuelewana na G uliyoanza nayo, ujue mkono umekaa juu au chini mno, na urekebishe mkono, si kidole. Aliyelelewa kwenye kwaya ya kanisa aiimbe kwa solfa huku akipiga. Sauti yako mwenyewe ni mwalimu mkali.

Kuhamisha mkono: lazima ujue alama zako. Kwenye besi ya mbao, kiungo cha shingo na tumbo kinasimamisha kidole gumba karibu na D au E-flati ya uzi wa G. Nyingi za umeme hazina kiungo hicho, na mkono unapita moja kwa moja kama daladala isiyo na kituo. Jitengenezee. Theluthi ya uzi, sentimita 35 kutoka kizuizi cha juu kwa uzi wa sentimita 105, ni D. Nusu yake, sentimita 52.5, ni G ya oktava. Gusa uzi hapo bila kubonyeza, noti ya filimbi italia; umefika. Hama kutoka A hadi D na kurudi, polepole, kidole cha 1 kikiteleza juu ya uzi bila kuachana nao, kidole gumba kikisafiri nacho. Gumba likibaki nyuma, ndiyo maumivu ya kifundo hayo.

Nyingi zina vidoti pembeni mwa ubao. Vitumie kama vibao vya barabarani, vya kukuonyesha mtaa, si nyumba. Unavitazama kutoka juu na kwa pembe, kwa hiyo ukisogea hatua moja, kidoti kinaonekana kimehama.

Hatua ya 7: Sikio

Fungua programu ya kutoa noti moja mfululizo kwenye simu, uweke D au A, kisha upige skeli polepole juu yake. Chagua oktava ya juu, hezi 220 au zaidi. Spika ya simu haiwezi kutoa hezi 55, utasikia mtetemo tu. Noti mbili zikitofautiana kidogo utasikia wimbi, wau-wau-wau. Sogeza ncha ya kidole mpaka wimbi lipungue na kutulia. Dakika kumi za hivyo kila siku ni bora kuliko saa nzima ya kukodolea tyuna, kwa sababu tyuna inakupa jibu noti ikiwa imeshapita.

Kufunga nyuzi zenyewe, tumia noti za filimbi. Gusa uzi wa D kwenye robo yake na uzi wa G kwenye theluthi yake: zote mbili zinatoa D ileile ya juu. Fanya hivyo kwa A na D, kisha E na A.

Hatua ya 8: Mkono wa kulia

Usivute uzi kwa ncha ya kidole kama kwenye gitaa. Laza kidole cha shahada karibu sambamba na uzi, kikielekea chini, na uvute kwa ubavu wake, nyama nyingi, kuanzia kiungo cha kwanza. Gumba liegemee ubavu wa ubao karibu na mwisho wake. Uzito wa mkono uvute, kidole kisikwangue. Kwa kasi, kunja vidole viwili, cha shahada na cha kati, vipokezane. Kwa noti nzito ya besi inayotembea, kimoja au viwili vikiungana.

Halafu kuna suala la noti inayodumu kupita kiasi, ugonjwa wa ubao mtupu. Dawa ya bei nafuu ni kipande cha sponji ya godoro, upana wa vidole viwili, kikipenyezwa chini ya nyuzi karibu kabisa na daraja. Kisibane sana, kiguse tu. Noti inatoka mnene, inakufa mapema, na ghafla unasikika kama besi ya mbao. Kwa muziki wenye mtindo wa Kikuba ndiyo sauti yenyewe. Jaribu tumbao, mdundo wa besi wa Kikuba: pigo la kwanza uliache wazi, piga nusu ya pili ya pigo la pili, kisha pigo la nne, na hiyo ya nne iwe tayari noti ya kodi (chord) inayofuata. Mpigaji wa gitaa hapa anateseka, kwa kuwa mkono unataka kuangukia moja. Aliyekulia kwenye rumba ana nafuu, kwani bendi za Léopoldville (Kinshasa ya leo) za miaka ya 1950 zilichota sana kwenye santuri za Kikuba, na dabo besi ilikuwamo kabla gitaa la besi halijaenea.

Hatua ya 9: Upinde

Kama huna mpango wa orkestra wala taarab, bado nunua upinde wa bei ya chini. Dakika chache za noti ndefu kwa upinde zitafichua kila noti ya mkono wa kushoto iliyo nje, maana noti ya upinde haifi upesi ikakufichia. Kuna mshiko wa Kifaransa, mkono juu, na wa Kijerumani, kiganja pembeni. Fuata wa mwalimu aliye karibu nawe. Zanzibar, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kipo Mji Mkongwe, na vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, na Culture Musical Club ni shule kwa macho tu: kaa upande wa besi, utazame mkono.

Rozini, utomvu mkavu unaopakwa kwenye nywele za upinde, ya besi ni laini kuliko ya fidla. Pop's, inayopendwa sana, ikiachwa ndani ya gari juani inageuka asali na kujaza begi. Iweke kwenye kikopo chake, imesimama, mahali pa baridi.

Hatua ya 10: Jukwaani na njiani

Ubao mtupu hautoi sauti ya kutosha hewani, kwa hiyo bila monita utapiga kwa kukisia. Omba monita mapema, au weka amplifaya yako juu ya kiti, usawa wa kiuno, nyuma yako kidogo. Ikiwa chini sakafuni, wewe utasikia kidogo na mstari wa mbele utasikia kishindo. Mpe fundi mitambo laini ya DI kabla ya mipangilio ya amplifaya yako, ili ukijirekebishia jukwaani usimharibie kazi.

Nyingi zina uzito wa kilo 5 hadi 10, kwa hiyo bodaboda inawezekana, lakini shingo iwe juu na daraja lielekee mgongoni kwako, si nje. Kama daraja la besi yako linashikiliwa na mgandamizo wa nyuzi tu, usilegeze zote kwa pamoja unapobadilisha: litaanguka, na kulirudisha mahali pake hasa ni kazi ya nusu siku. Badilisha uzi mmoja, ufunge, ndipo uende wa pili. Na kabla hujaanza, chora kwa penseli alama ndogo pale miguu ya daraja inapokanyaga.